Piko Si Hina

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika umbo jema, akamvika ngozi iwe sitara yake na ngome yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuufuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Huenda msomaji akastaajabu kuona waraka wa dini wanena juu ya rangi za wanawake. Atasema: yana nini masheikh na mambo ya kupamba? Twamjibu kwamba wanavyuoni wetu wamekubaliana kuwa sheria imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Jambo likiingia majumbani mwetu, likawadhuru mabinti zetu, likavunja maelewano ya wakwe na likawapokonya watu wudhu wao, hilo ni letu sote, wala si la wanawake peke yao.

Twaanza kwa kutenga vitu viwili ambavyo ndimi zetu zimevichanganya. Hina ni majani ya mti unaojulikana. Majani hukaushwa, yakasagwa, yakakorogwa, kisha hupakwa na kuachwa masaa mengi, au usiku kucha. Rangi yake huanza kama chungwa, na baada ya siku moja au mbili huiva ikawa nyekundu ya kukoza au ya hudhurungi. Haiwi nyeusi kama wino. Hina ndiyo waliyoijua mabibi zetu, na ndiyo aliyoisifu Bwana Mtume (S.A.W.) alipotaja kuwa katika bora za kubadilishia mvi ni hina na katam.

Piko, ambayo wengine huiita kanta, si jani la mti. Ni rangi ya nywele itengenezwayo viwandani, na katika piko nyingi nguvu ya ule weusi ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa ufupi huandikwa kwa herufi tatu: PPD. Ilianza kutumiwa huko Ulaya kwa nywele mwishoni mwa karne ya 19, na katika karne ya 20 dhara yake iliwafanya Wajerumani, Wafaransa na Waswidi waipige marufuku kwa muda hata katika nywele. Leo sheria za Umoja wa Ulaya zairuhusu katika rangi ya nywele tu, isizidi sehemu 2 katika 100 wakati wa kupakwa, wala haziruhusu kuchorea ngozi. Marekani nako kuipaka juu ya ngozi hakuruhusiwi. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 katika Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuta hina nyeusi nyingine ina dawa hii karibu sehemu 30 katika 100. Basi mtu afikiri: kitu ambacho wenye kukitengeneza wamekipimia kwa kijiko, na wakakataza kisiguse ngozi, sisi twakipaka mkono mzima mpaka kwenye kisugudi, na mguu mpaka kwenye goti, kisha twamwambia binti: kaa, kikauke.

Wako watakaosema: mbona tumejipaka piko miaka yote na hatukudhurika? Hapo ndipo palipo na hadaa ya kitu hiki, na twaomba msomaji atusikilize vizuri.

Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili askari, nao ni chembe nyeupe zilizomo katika damu. Chembe za PPD ni ndogo mno. Hupenya ngozi zikashikamana na mwili wenyewe, na wale askari wakaziona kuwa ni adui, wakaziwekea alama. Kazi hiyo huchukua kiasi cha siku kumi au majuma mawili, nayo haina uchungu wala haionekani. Binti huolewa, rangi ikafutika, akasema: piko nzuri, haikunifanya kitu. Mwaka ukapita, ikaja harusi ya nduguye, akapakwa tena. Safari hii askari wako tayari. Baada ya siku moja mpaka tatu ngozi huanza kuwasha, ikawa nyekundu, ikavimba, kisha yakatoka malengelenge kwa kufuata mchoro ule ule: penye ua la piko pakawa na ua la malengelenge, penye jani pakawa na jani la usaha. Yakipoa huacha alama, nyeupe au nyeusi, na pengine kovu la kudumu. Wengine huchelewa kufikwa mpaka mara ya tatu au ya kumi, na wengine hawafikwi kabisa. Lakini hapana ajuaye kabla kwamba yeye ni katika hawa au katika wale. Na mwili ukishaitia alama hiyo, kwa kawaida hauisahau umri wote.

Watu wa kusini, kuanzia Diani na Msambweni mpaka Vanga, hawahitaji kitabu kulifahamu hili. Wanaijua mikorosho. Wanajua kuwa mafuta ya ganda la korosho huchoma vidole, na kuwa utomvu wa embe hubabua midomo. Tena wanajua kuwa watoto wawili huweza kukaa chini ya mwembe mmoja, wakala maembe kwa maganda yake, mmoja akaamka mzima na wa pili akaamka midomo imevimba. Hapana mzazi aliyesema kuwa mwembe ule umemhusudu mmoja ukamwacha mwenziwe. Husema: mwili wa huyu haupatani na embe, na humwosha, na humkataza. Hii ni hekima, nayo ni yetu sisi wenyewe. Twauliza: imetutoka wapi hekima hii tulipofika kwenye piko?

Kwani tuyasikiayo katika darsa zetu ni haya. Bibi harusi apambwa, aingizwa nyumbani kwa mumewe kwa vigelegele, na siku ya tatu mikono yake yatoka malengelenge, na uso wake wavimba kwa kuwa nywele nazo zimetiwa rangi ile ile. Mawifi waanza kunong'onana. Mmoja asema ni kijicho cha aliyekosa kuolewa. Wa pili asema binti amekuja na jini lake kutoka kwao. Wa tatu aleta mganga, na mganga ataka kuku mweusi, na shilingi, na kitambaa. Wazazi wa mume wajuta, wazazi wa mke waona haya, na yule binti, aliye mgeni katika nyumba ile, alia usiku akiamini kuwa ana nuhusi. Na piko ipo pale pale kabatini, katika kikopo chake, haikutuhumiwa na mtu.

Sisi hatukanushi kijicho. Kimethibiti katika hadithi sahihi. Hatukanushi majini, wametajwa ndani ya Kurani. Tunalokanusha ni kuyafanya majini na mahasidi kuwa jalala la kutupia kila tusilolichungua. Mwenye kumtuhumu jirani yake kuwa amemhusudu bibi harusi, na hali dhara imetoka katika bakuli la mpambaji, amebeba dhambi ya dhana mbaya juu ya Mwislamu asiye na hatia. Na mwenye kumpa mganga mali yake ili amtoe jini ambaye hayuko, amepoteza mali na dini kwa pamoja, na ugonjwa umebaki. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu, akatujulisha kwamba hakuna ugonjwa alioushusha Mwenyezi Mungu ila ameushushia na dawa yake. Kuitafuta sababu si upungufu wa imani. Aliyeziumba sababu ndiye aliyetuamuru tuzitafute.

Basi na afanye nini aliyefikwa? Kwanza, aioshe rangi kwa maji na sabuni laini mara ahisipo kuwashwa, wala asingoje mchoro upendeze. Asipake dawa ya meno, wala mafuta ya taa, wala majivu, wala kila aliloambiwa na jirani; kitambaa safi kilichochovywa maji baridi ni bora kuliko hayo yote. Kisha aende kwa daktari, Msambweni, au Kwale, au palipo karibu naye, aseme wazi: nilipakwa piko siku fulani. Asifiche kwa haya, kwani daktari hupata njia kwa khabari ya mgonjwa. Ziko dawa za kupaka na za kumeza ambazo hupoza uvimbe zikitolewa kwa kipimo chake. Na akivimba uso au koo, au akapata dhiki ya pumzi, hapo hapana kungoja asubuhi. Madaktari wa Khartoum wameandika tangu miaka ya 1980 juu ya watu waliosumika kwa dawa hii, khasa walioimeza, wakavimba koo na kuharibikiwa na mafigo, na miongoni mwao wamo waliokufa. Na iwekwe mbali na mikono ya watoto.

Pili, akishapona ajue kwamba hakurudi alivyokuwa. Amepona malengelenge, hakupona alama iliyomo ndani. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa Muumini haumwi mara mbili katika tundu moja. Tundu hili lina milango mingi, na mwenye mwili uliokwisha tiwa alama yampasa aijue yote. Rangi za nywele nyingi zina PPD au nduguze, basi asome kikopo kabla ya kununua, atafute herufi hizo au jina refu lenye kuishia na phenylenediamine. Akiwa hajui kusoma amwombe ajuaye. Rangi hiyo ikimgusa kichwani huweza kumvimbisha uso mpaka macho yakafumba. Amwambie daktari, na khasa daktari wa meno, kwa kuwa ziko dawa za kutia ganzi ambazo zina udugu na kitu hiki. Baadhi ya watu hawa hudhuriwa pia na mpira mweusi wa viatu, na na rangi za nguo nyeusi za nyuzi za kiwandani; mwenye kuwashwa na buibui lake jipya alifue mara kadha kabla ya kulivaa, na likiendelea kumdhuru atafute jingine la pamba. Sitara ni wajibu, lakini hakuna aya iliyowajibisha nyuzi za kiwandani.

Tatu, juu ya ibada yake. Wako walioacha sala siku nyingi kwa kuwa mikono yao ina vidonda, na wako waliolazimishwa na watu kuviosha mpaka vikaoza. Wote wawili wamekosea njia. Imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba mtu mmoja alijeruhiwa kichwa safarini, akapata janaba, akawauliza wenziwe wakamwambia kuwa hana rukhsa, akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawahukumia kuwa wao ndio waliomuua, na akabainisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Na fatwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni hii: mwenye jeraha linaloogopewa maji huosha palipo pazima katika kiungo chake, na kwa ajili ya pale palipo na jeraha hutayamamu wakati wa kukiosha kiungo hicho. Jeraha likiwa katika viungo vya tayamamu vyenyewe, kama ilivyo mikono, hupitisha vumbi juu yake ikiwa halina dhara. Likiwa na dhara asijitese, na awaulize wanavyuoni khabari yake mahsusi. Dini hii ni nyepesi kwa anayeijua.

Sasa twageuka kwa wanaume, maana wamekaa wakitikisa vichwa kana kwamba waraka huu hauwahusu. Enyi wazee wa barazani, ndevu hizo nyeusi zisizo na unywele mmoja mweupe, na hali wajukuu wenu wamekwisha ota zao, zimetiwa nini? Ni kitu kile kile. Siku ya kufunguliwa Makka, Abu Quhafa, babake Sayyidna Abubakar, aliletwa na kichwa chake cheupe pe, na Mtume (S.A.W.) akaamuru mvi zile zibadilishwe kwa rangi, lakini weusi uepukwe. Na Imamu Nawawi, katika kitabu chake Al-Majmuu, amesahihisha kuwa kwa mwanamume kuzitia mvi weusi bila ya dharura ya jihadi ni haramu. Basi mzee huyu amekusanya mawili: amekwenda kinyume cha agizo, na ameuingiza mwili wake katika khatari. Kisha akirudi nyumbani humkaripia mkewe kwa piko ya harusini! Aanze na kidevu chake.

Ama wauzaji na wachoraji, neno letu kwao ni la nasaha, si la uadui. Twajua kuwa wengi wao ni wanawake wanaolea mayatima kwa mikono yao, na vijana wanaotembea juu ya mchanga wa Diani kutwa nzima wakitafuta riziki ya halali. Lakini riziki huharibiwa na neno moja. Mtalii auliza: hii ni hina? Naye ajibiwa: ni hina asilia, hina nyeusi. Hilo si kweli, na mwenye kulisema ajua kuwa si kweli. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake katika fungu la chakula, akakuta maji chini na ukavu juu, akamuuliza mwenyewe, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Aliyeuficha umajimaji wa nafaka amehukumiwa hivyo. Itakuwaje kwa aliyeficha sumu ndani ya jina la hina? Yule mgeni hurudi kwao, na malengelenge humtoka akiwa katika ndege au nyumbani kwake. Na pengine aliyechorwa ni mwanawe wa miaka saba, ambaye hatajua dhara yote mpaka atakapokuwa mtu mzima akitia nywele zake rangi. Si Mwislamu, twasema, basi yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa ni mgeni wetu, na kwa kuwa ghishi haikuhalalishwa kwa mtu yeyote. Na khabari atakayoipeleka kwao ni kwamba Waswahili walimuuzia maradhi kwa jina la mapambo.

Mtu atasema: mkituondolea piko, mwatuondolea pambo. Hasha! Hatukukataza pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Iko hina, na wachoraji wetu wana ufundi wa kuichora. Iko singo, uko udi, yako maasumini na vikuba. Bibi harusi wa zamani hakukosa uzuri kwa kukosa weusi wa kiwandani. Wala hatusemi kuwa weusi wa mkono wa mke ni haramu kwa sababu ya weusi wake, twasema kuwa dhara ni haramu, kwa kanuni iliyopokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na kwa kukatazwa kwetu, katika Suratul-Baqara aya ya 195, kujitupa wenyewe katika maangamizi. Hata hina nayo ina adabu zake: madaktari wameonya wasipakwe watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, maana huweza kuwavunjia damu yao. Haki haipendelei hata hina.

Basi twawausia masomo na wapambaji: mwulizeni binti kabla ya kumkalisha mkekani, je, rangi imewahi kumwasha? Akisema ndiyo, au akisema sitaki, neno lake liheshimiwe, wala asiitwe mwoga au mwenye maringo. Twawausia mama: mikono ya watoto siku ya Idd ipakwe hina au iachwe kama ilivyoumbwa. Twawausia wakwe: mkwe wenu akitokwa na malengelenge, mtuhumuni kikopo kabla ya kumtuhumu binti wa watu. Na kwako wewe ambaye mwili wako umekwisha ikataa rangi hii, twakwambia: huna nuhusi, huna jini, wala hukuadhibiwa. Umepewa mtihani mdogo wa kujichunga umri wote, na katika kila harusi utakayokaa na mikono mitupu kwa ajili ya kuilinda amana ya Mola wako, twataraji una thawabu.

Ewe Mola wetu, tuepushe na ujinga wetu kabla ya kutuepusha na adui zetu. Wape shifaa wagonjwa wetu, wape riziki ya halali wenye kutafuta kwa jasho lao, na uwapambe mabinti zetu kwa pambo lisilo na majuto. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad. Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.